Meno ya Faru

3 Februari

Mwanangu,

Marahaba, nakujibu kabla hujaniamkia. Barua yako imenifikia kwa mkono wa yule dereva wa mbao, ikiwa na dole gumba la grisi kwenye kona, nikaipenda zaidi.

Unaniuliza umfunge Faru, lori letu, tairi gani, kwa vile zilizopo zimeshakuwa vipara. Swali gani hilo? Meno! Tairi za meno makubwa, yale ambayo mtoto anaweza kuficha ngumi katikati yake. Watakuja wajuaji wakuimbie habari za tairi za mistari, zile nyororo zinazopita barabarani kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu iliyosuguliwa. Watakwambia zinakunywa dizeli kidogo. Ni kweli. Hata punda hanywi dizeli kabisa, mbona hatumpakii tani za unga?

Nakwambia hivi kwa sababu moja. Tangu masikio yangu yafunge duka, lori kwangu ni kitu cha kutazama tu. Ulipomleta Faru mara ya mwisho, nilimwekea kiganja kwenye boneti ndipo nikajua injini inawaka. Basi nikimwona, nataka nimwone Faru mwenyewe, lile lori lililokuwa likiingia mjini watu wanaacha chai. Sitaki kuona gari la mikate lililonenepa.

Ile simu uliyoniletea nimempa jirani. Maandishi yake ni kama mchwa, na kwenye kusikia ndiyo unajua mwenyewe. Tuendelee na karatasi. Madereva hawa wananiheshimu bado, wanabeba barua bila kulalamika.

Halafu, siku hizi unaandika vizuri. Zamani mwandiko wako ulikuwa kama kuku kakanyaga wino. Kuna nini?

Baba yako

*

14 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo, mjukuu wako anakusalimu. Mwandiko ni wa mkwe wako. Spana iliniteleza ikanichana mkono, basi mimi natamka, yeye anaandika. Usiwe na wasiwasi.

Kuhusu tairi nimefikiri sana. Baba, kazi zako za zamani zilikuwa za machimbo na magogo, njia za matope. Meno yalikuwa na maana. Mimi napakia unga bohari, nashusha bohari, njia nzima ni lami. Meno kwenye lami yanalika upesi, yanatikisa mizigo, na kila safari yanadai dizeli kama mgeni asiyeaga. Nakuomba ruhusa nimfunge Faru tairi za mistari. Uzuri wake hautapotea. Tutampaka rangi upya, na lile bomba nene la chuma la mbele tutaling'arisha mpaka ujione sura.

Najua halitakupendeza neno hili. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kwamba lori ni kazi kwanza.

Mwanao

*

15 Februari

Dada,

Ukishaisoma barua hii, ichane. Na tafadhali usinipigie simu juu ya haya. Tangu macho yake yafunge, mume wangu ana masikio ya paka. Nikinong'ona jikoni, anajibu akiwa barazani. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulijua presha ya macho inavyomla, ila hujui ilipofika. Kwanza aliacha kuona pembeni, halafu akawa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kabla mwaka haujaisha bomba likaziba. Haoni kitu. Baba mkwe hajui, na mume wangu kanikataza katakata nisimwambie. "Baba alipopoteza masikio alinikabidhi mimi lori," aliniambia. "Nikimwambia nimepoteza macho, atalikabidhi kwa nani?"

Kwa hiyo Faru anaendeshwa na dereva wa kukodi, tunayemwita Kimbunga kwa sababu mwendo wake ni wa kobe. Mimi ndiye ninayemwandikia mume wangu barua kwa baba yake, na majibu yakija mimi ndiye ninayemsomea.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinihubirie.

Mzee kaandika kwamba tufunge tairi za meno, kwa ajili ya sura. Mume wangu naye anataka meno. Yeye haoni hiyo sura, anataka mvumo. Tairi za meno zinavuma kwenye lami, mvumo wa chini, kama mtu anayeguna akiwa amefunga mdomo. Barabara yetu hii ya bohari ina malori kama siafu, na injini zote zinakohoa sawasawa. Lakini Faru akikata kona ya kituo cha mafuta, mume wangu anamjua. Anainuka, anatafuta viatu kwa miguu, anapapasa ukuta hadi getini, anasimama hapo kumpokea. Ndicho kitu pekee anachofanya kwa siku bila kushikwa mkono.

Naelewa, Dada. Lakini tangi nalijaza mimi. Kimbunga kaniambia wazi, "Mama Kichuna, haya meno yanatunyonya. Mimi natoka kazini na sifa za lori, si na mshahara." Akiondoka huyu, nani atakuja? Faru atageuka banda la kuku uani, na sisi tutakaa tunamtazama. Yaani mimi nitakaa namtazama.

Basi nikamsomea mume wangu: "Baba anasema siku hizi mistari ndiyo bora." Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, uongo ule ule, neno kwa neno. Ndipo akaniambia niandike hivi: "Baba, nakuomba ufikirie upya, moyo wangu uko kwenye meno." Nikaandika kinyume chake kabisa. Mzee ataamini mwanawe ndiye anayetaka mistari, na mwanawe anaamini ni baba ndiye aliyetaka. Watapishana kidogo, watazoea. Na sisi tutakula.

Mdogo wako

*

22 Februari

Mdogo wangu,

Sikuichana. Nimeichoma kabisa, na nimekaa kwenye cherehani asubuhi nzima bila kushona hata pindo.

Umesema nisikuhubirie, haya, sihubiri. Nakuuliza tu. Huyo mume wako ni kipofu au ni mtoto? Kwa nini usikae naye umwambie, "Mume wangu, dizeli inatumaliza, meno hatuyawezi"? Angenuna siku mbili, angekubali. Mbona wewe na mimi tulinyimwa mengi na mama, tukanuna, tukakubali?

Mimi nikiharibu gauni nafumua. Kitambaa kinabaki na vitobo vidogo, lakini kinavaliwa. Fumua sasa hivi, uzi ungali mbichi. Mpelekee Mzee barua kwa jina lako wewe, si kwa jina la mumeo. Huyo Mzee ni mkali wa mdomo tu. Siku ya harusi yenu nilimwona analia nyuma ya tela akisingizia vumbi.

Najua hutanisikia. Umetoka tumboni na kichwa hicho hicho.

Dada yako

*

28 Februari

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako. Mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama, na haikuwa nzuri zaidi kwa kusimama.

Unaniomba ruhusa huku umeshaamua. Mtu anayeomba ruhusa haji na hotuba. Na kama lilikuwa jambo zito hivyo, kwa nini usije? Tangu mvua za mwaka jana hujakanyaga hapa. Unajua hata kama sisikii, midomo yako naisoma; niliisoma tangu haina jino. Unajificha nyuma ya mwandiko wa mkeo na kidonda cha spana. Mimi nimechanwa na spana maisha yangu yote, sikuwahi kukosa mkono wa kuandikia.

Nadhani nimeelewa. Unaona haya na lori la baba yako. Unataka lifanane na ya wenzako, lipite kimya, asiulize mtu ni la nani. Sawa. Mimi nilidhani nimekuachia kitu, kumbe nimekubebesha.

Fanya utakavyo. Ila usimlete hapa akiwa hivyo. Na mambo ya tairi usiniandikie tena. Mambo mengine nayo, ukiwa huna nafasi, usijisumbue.

Baba yako

*

21 Machi

Dada,

Tumefunga mistari. Hujui jinsi lori linavyobadilika. Nilikuwa nimezoea yale magurudumu yaliyotoa meno nje kama yanataka kuuma mtu. Sasa Faru anaonekana kama mzee aliyevuliwa meno ya bandia. Watoto wa mtaa hawaji tena kusimama pembeni yake. Lakini nilichosema kimetimia. Kimbunga karudi na dizeli imebaki kwenye tangi, anacheka peke yake. Jumamosi nilinunua viatu vya shule vya Kichuna bila kuomba mtu.

Ile barua ya mwisho ya Mzee ilikuwa mbaya, Dada. Nilimsomea mume wangu hivi: "Nimefurahi umenisikiliza. Nakutakia kazi njema." Akakaa ameinamisha kichwa, akauliza, "Hivyo tu?" Nikasema hivyo tu. Akasema, "Baba haandiki hivyo. Siku hizi ananiandikia kama mtu wa ofisini." Hajaniambia nimwandikie tena.

Nikwambie kitu kimoja, halafu niende nikafue. Juzi Faru alirudi mchana. Mume wangu alikuwa getini tangu asubuhi, kwa sababu alijua ni siku yake. Lori likaja, likapunguza mwendo, likasimama hatua chache mbele yake. Na yeye bado ameelekeza uso kule kwenye kona ya kituo cha mafuta, anangoja. Kimbunga alizima injini, akabaki kwenye usukani akinitazama mimi. Mwisho Kichuna ndiye aliyeita, "Baba, Faru si huyu hapa!"

Akacheka, akasema, "Nilikuwa namtania." Kisha akaingia ndani.

Mdogo wako

*

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ni mimi mkwe wako ninayeandika, kwa jina langu mwenyewe.

Nakuomba uje. Mwanao yuko hospitali. Yuko hai, anaongea, lakini mkono umevunjika na mbavu zimeumia, na uso wake usishtuke ukiuona.

Nimekatazwa kukwambia hili, na nakwambia: mwanao haoni. Macho yalikufa kidogo kidogo kwa presha, na tangu kabla ya mwaka mpya ni giza tupu. Hakuna spana iliyomchana. Alificha kwa sababu yako, asikuvunje moyo.

Jumanne Faru alichelewa. Mume wangu hakuniambia, alivuka barabara peke yake hadi kwenye maegesho ya malori kumtafuta. Walioona wanasema alikuwa akipapasa tairi za lori moja, anaenda la pili, anapapasa, anaenda la tatu. Alikuwa anatafuta tairi mpya za mistari. Akazikuta kwenye lori la watu wengine. Akadhani amefika, akainama pale kwenye tangi akiita jina la dereva wetu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi wa dizeli!" Baba, hawakuuliza. Alisema, "Natafuta lori langu," na wao wakacheka, wakamwambia, "Lori lako si hilo hapo mbele yako, huoni?" Aliposema haoni, wakampiga zaidi, wakidhani anawafanyia kejeli.

Kimbunga ndiye aliyefika akamlalia juu mpaka wakaacha.

Njoo, Baba. Anakuita, ingawa hasemi kwamba anakuita.

Mkwe wako

*

30 Aprili

Mkwe wangu,

Nimefika salama. Kimbunga kanishusha mlangoni. Huyo kijana anaendesha kama anasindikiza maiti, lakini ni mtu.

Nakuandikia wewe, kwa sababu kule kwenu sikuweza kusema na wewe, na barua kwa mwanangu sijui sasa itasomwa na nani.

Nataka nikukumbushe ile siku ya kwanza pale kitandani, uone nilivyoiona mimi. Niliingia na hasira zangu nimezibeba tangu Februari. Nilipomwona uso umevimba vile, hasira ndiyo iliyotoka kwanza, maana huzuni haikupata pa kupitia. Nikamwambia, "Ona sasa! Si ulitaka mistari wewe?" Midomo yake ikatikisika, lakini imevimba, sikuweza kuisoma. Nikakugeukia wewe. Wewe ukawa umesimama na bahasha mkononi, na kalamu. Ukaandika nyuma ya bahasha: "Anasema: Baba, mimi nilitaka meno. Wewe ndiye uliyetaka mistari."

Niliitazama karatasi, nikakutazama. Ungeweza kuandika kitu kingine. Mmoja haoni, mmoja hasikii, na katikati uko wewe peke yako, nani angekujua? Lakini uliandika alichosema, kama alivyosema. Hilo nimeliweka akilini.

Halafu mimi nikasema kwa sauti, "Sikusema hivyo kamwe." Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Niliona tu alivyogeuza uso upande wako, taratibu, na wewe ukatoka nje.

Sina tusi kwa ajili yako. Hesabu yako ya dizeli ni ya kweli, na kila dereva aliyezeeka anaijua. Ungeniandikia kwa jina lako, ningebisha mpaka wino uishe, kisha ningekubali. Ubishi ndio mchezo pekee niliobaki nao. Lakini nilimwandikia mwanangu maneno ya kumwambia mtu mwenye macho, aliyekaa raha, anayemkimbia baba yake. Naye alikuwa gizani akiningoja. Kwamba hukumsomea, najua ulimhurumia. Mimi lakini nimeyaandika, na sasa siwezi kuyafuta wala kuyasema mbele yake, kwa sababu akijibu sitasikia, na midomo ile iliyovimba bado haisomeki.

Umtunze. Umlishe hata akikataa.

Baba mkwe

*

18 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa karani wa bohari. Ananiambia nisimtaje, nami nimemwambia aandike hivyo hivyo, na ameandika. Kuanzia sasa barua zako zote ziletwe kwake. Dirisha lake liko pembeni ya mizani, kila dereva analijua. Ananisomea wakati wa chakula cha mchana. Ana sauti kavu, anasoma kila kitu sawa, hata nukta nadhani angezisoma kama ningemruhusu.

Ile barua yako ya Februari nimeipata. Mke wangu aliitoa mwenyewe bila kuombwa, akaniwekea mkononi. Karani alifika pale pa "kumbe nimekubebesha" akasita. Nikamwambia endelea. Ilinichoma, Baba. Lakini ilikuwa yako, niliisikia mpaka pumzi yako. Ile ya ofisini ilinichoma zaidi.

Sikuwahi kuona haya na Faru. Nikwambie ukweli, tangu giza liingie, huyo ndiye aliyekuwa saa yangu.

Mkono bado uko kwenye plasta. Mbavu zinauma nikicheka, kwa hiyo hazinisumbui sana.

Kuhusu tairi, najua umekataza, lakini karani amenishauri jambo na nataka ulijue. Anasema wenye malori mengi wanachanganya. Mbele wanafunga mistari, kwa sababu ndiyo inayoongoza na haili dizeli. Ila yale magurudumu ya nyuma yanayosukuma lori, hapo wanafunga meno, yashike barabara mvua ikinyesha. Dizeli inaongezeka, lakini si kama zamani. Kimbunga amekubali. Ukimtazama kutoka nyuma atakuwa Faru; ukimtazama kutoka mbele utavumilia. Na mvumo wa zile tairi nane za meno utanitosha kumsikia.

Mke wangu usimchukie. Alinibembeleza hospitali kama mtoto, na nyumbani ndiye anayenivalisha shati juu ya plasta. Sijamgombeza. Nilijaribu, sikupata pa kuanzia. Lakini Baba, jana aliniambia mvua inakuja, nikatoa mkono dirishani kuhakikisha. Nilifanya bila kufikiri. Yeye akauona mkono wangu, nikamsikia anasimama. Ndivyo tunavyoishi sasa.

Mwanao

*

2 Juni

Mwanangu,

Funga hivyo. Nyuma meno, mbele mistari. Mimi nitakaa nyuma yake.

Mwambie karani sauti yangu ni nzito, asinisome kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Na pale ninapoacha nafasi anyamaze kidogo, ndipo ninapofikiri.

Yale niliyoandika Februari nilikuwa namwandikia mtu mwingine, ambaye hakuwepo. Sasa nakuandikia wewe. Macho yako yalipokuwa yanazimika, mimi nilikuwa nimekaa hapa nalinganisha matairi. Sijui baba wa namna hiyo anaitwaje.

Njoo naye. Njoo umekaa upande wa abiria, ukiweka kiganja kwenye mlango. Nami nitaweka changu kwenye boneti.

Baba yako

*

29 Juni

Dada,

Ulisema kitambaa kikifumuliwa kinabaki na vitobo vidogo. Umenizidi umri, lakini hilo hukulipima vizuri.

Faru ana meno nyuma sasa. Alipokuja mara ya kwanza nilikuwa naanika nguo. Nikasikia ule mvumo unakata kona, mwembamba kuliko zamani, lakini ni wenyewe. Nikaacha nguo kwenye beseni. Mume wangu alikuwa barazani. Alinyanyua kichwa, akainuka, akatafuta viatu kwa miguu. Zamani angeita, "Mama Kichuna, huyo!" Safari hii hakuita. Alipita karibu yangu, bega lake likanigusa, akasema, "Samahani," kama unavyomwambia mtu njiani. Nikamtazama anavyokwenda hadi getini peke yake, mkono wenye plasta kifuani, na lori likasimama mbele yake pale pale. Akaliwekea kiganja. Nilifurahi, Dada, wallahi nilifurahi. Nilirudi kwenye beseni nikalia ndani ya mashuka.

Walikwenda kwa Mzee wiki iliyopita, yeye na Kimbunga. Mimi sikuombwa. Waliporudi Kimbunga kaniambia Mzee alizunguka lori mara tatu, hakusema neno juu ya tairi, kisha akapanda kwenye kabini ya dereva akakaa na mwanawe, milango imefungwa. Mume wangu anaongea, Mzee anamshika midomo kwa vidole. Walikaa humo mpaka jua likapungua. Nilimuuliza mume wangu walizungumza nini. Akasema, "Mambo ya nyumbani."

Kwangu ni mpole. Ungemwona ungesema hakuna kilichotokea. Anashukuru chakula, anauliza kama nimechoka. Dizeli tunaiweza, Kimbunga amekaa, Kichuna anakwenda shule. Nilichokipigania nimekipata chote.

Jana nilitoka duka la dawa na chupa mpya ya dawa ya maumivu ya macho, maana bado yanamuuma, hata kama hayaoni. Nikamwekea mkononi. Akaizungusha, akauliza, "Imeandikwaje?" Nikamsomea: matone mawili asubuhi, matone mawili jioni, isiwekwe juani. Nilisoma polepole, kila neno lililokuwepo, hata jina la kiwanda. Akasema, "Ahsante, mke wangu." Nikaenda jikoni kuchemsha maji.

Dirisha la jikoni linatazama barabara. Nilimwona anavuka na Kichuna kamshika mkono, chupa iko kwenye mfuko wa shati, wanaelekea kwenye dirisha la karani.

Mdogo wako